Tandiko la kizimba cha mjusi-ndevu: jinsi ya kuchagua lililo salama

Ukiingia duka la wanyama la London, Toronto au Dubai ukasema unataka kufuga mjusi-ndevu, hutachelewa kuonyeshwa mfuko wa mchanga wa rangi, mwekundu au wa njano, wenye maandishi kwamba una kalsiamu na kwamba mnyama akiumeza utayeyuka tumboni. Uache hapo hapo rafuni. Pesa yake nunulia kipimajoto.

Nasema mapema kwa sababu tandiko, yaani chochote unachotandaza kwenye sakafu ya kizimba, huwagombanisha wafugaji wa mjusi huyu kuliko taa, chakula au ukubwa wa kizimba. Wapo wanaoapa kwamba chembe moja ya mchanga ni kifo. Wapo wanaowacheka hao na kusema mjusi wa porini hajawahi kutembea juu ya karatasi. Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Mchanga peke yake mara chache humwua mjusi mwenye afya. Anayekufa kwa mchanga aghalabu alikuwa mgonjwa tayari: joto halimtoshi, kalsiamu hana, maji yamempungua mwilini, na utumbo wake hausukumi kitu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mjusi na taa zake, na udongo unakuja baadaye.

Ninayemzungumzia ni Pogona vitticeps, mjusi wa nyanda kavu za ndani ya Australia, ambaye akikomaa hufikia sentimita 40 hadi 60 pamoja na mkia. Australia ilifunga biashara ya kusafirisha wanyama wake wa porini tangu miaka ya 1960, kwa hiyo hawa wanaouzwa Ulaya, Amerika na Ghuba wamezaliwa vizimbani, na wazazi wao vilevile. Tabia hawajaacha. Kwao hukaa kwenye vichaka na misitu mikavu yenye udongo mgumu uliochanganyika na mchanga, hupanda magogo na nguzo za ua ili kuota jua, na majira ya baridi yakija huchimba na kulala. Hayo maneno "udongo mgumu" yashike vizuri. Watu husikia Australia ya ndani wakawaza matuta ya mchanga laini unaotiririka, na maduka huuza kwa picha hiyo hiyo.

Kwa msomaji aliye Kenya au Tanzania: huyu ni mnyama wa kigeni, na kumwingiza nchini si jambo la kuagiza tu mtandaoni. Waulize KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, au mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako kabla hujampa mtu shilingi yoyote. Hata huko Australia majimbo mengi yanamtaka mfugaji awe na leseni.

Hatua ya 1: Mtazame mjusi kabla hujatazama rafu za duka

Umri ndio unaoamua mengi. Mtoto wa chini ya miezi sita hula wadudu mara mbili hadi tatu kwa siku, huwakimbiza bila mpango, na mara nyingi hukosa shabaha. Kila akikosa, ulimi unatua sakafuni. Mtazame kwa karibu siku moja akimrukia nyenje juu ya mchanga: ulimi ni mfupi, mnene, umelowa, na ukirudi mdomoni unarudi na chembe zilizoganda kwenye ncha, pamoja na zile zilizoshika miguuni mwa nyenje. Mara moja si neno. Mara thelathini kwa siku, kwenye utumbo mwembamba wa mnyama asiyezidi kiganja chako, ni jambo jingine. Kwa hiyo mtoto hakai juu ya kitu kinachomwagika, hilo halina mjadala.

Mjusi mgeni naye, hata akiwa amekomaa, aanzie kwenye karatasi kwa wiki kadhaa za mwanzo. Sababu yake ni choo. Choo cha mjusi kina sehemu mbili, ya kahawia na nyeupe. Ile nyeupe ndiyo mkojo wake. Ikiwa nyeupe na laini, mambo ni mazuri. Ikiwa ya njano na ngumu, mnyama ana kiu. Ikiwa choo ni majimaji yenye harufu kali kuliko kawaida, chukua sampuli umpelekee daktari wa wanyama atazame minyoo na vimelea, maana mijusi wa dukani huwa navyo mara nyingi. Kwenye karatasi yote haya unayaona asubuhi ukiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Kwenye udongo hufichika.

Mgonjwa, aliyefanyiwa upasuaji, mwenye mifupa iliyolegea au miguu ya nyuma dhaifu, wote hawa ni wa karatasi mpaka daktari aseme vingine. Na ukimwona mjusi anakaa analamba na kutafuna tandiko kwa makusudi, si kwa bahati mbaya wakati wa kula, hiyo inaweza kuwa dalili ya upungufu wa madini. Mrudishe kwenye karatasi, kisha tafuta chanzo.

Hatua ya 2: Nyoosha joto na taa

Kizimba cha mjusi mmoja mzima kisipungue sentimita 120 kwa urefu, 60 kwa upana na 60 kwa kimo. Upande mmoja uwe wa joto, wa pili wa ubaridi, ili mnyama ajichagulie mwenyewe. Pale anapootea jua, uso wa jiwe au gogo uwe kati ya nyuzi 38 na 42 za Selsiasi. Upande wa ubaridi uwe 22 hadi 26. Usiku joto likishuka hadi karibu 20 hakuna tatizo.

Uso wa jiwe usiupime kwa kile kipimajoto cha kubandika ukutani, kwa sababu hicho kinasoma hewa ya pembeni tu. Tumia kile cha kulenga kwa miale, unachobonyeza kikakuonyesha joto la kitu ulicholenga. Bei yake ni ndogo na utakitumia kila ukibadilisha tandiko, kwa kuwa kigae, udongo na karatasi havipati joto sawasawa chini ya taa ileile.

Taa ya UVB, yaani ya miale isiyoonekana kama ile ya jua, iwe ya bomba refu, ifikie angalau nusu ya urefu wa kizimba, iwake kama saa 12 kwa siku. Ibadilishe kila baada ya mwaka hivi hata kama bado inaangaza, kwa kuwa miale ya UVB hupungua ilhali mwanga wa kawaida unaendelea kuonekana. Bila UVB mwili wa mjusi hautengenezi vitamini D3. Bila D3, kalsiamu ya chakula haifyonzwi vizuri. Kalsiamu ikipungua, misuli hulegea, na utumbo ni misuli. Chakula kinakaa mahali pamoja, maji yanafyonzwa, na chochote alichomeza, kiwe mchanga au ganda la mdudu, kinakauka na kuwa bonge. Hapo ndipo mtu husema "mchanga umemwua", wakati taa ilikwisha nguvu miezi mingi nyuma.

Kuhusu unyevu wa hewa, asilimia 30 hadi 40 inatosha. Walioko Muscat au Dubai wasidanganywe na jasho la nje, kwani ndani kiyoyozi hukausha hewa. Pima ndani ya kizimba chenyewe.

Mkeka wa umeme wa kupasha joto usiuweke chini ya tandiko la kuchimbika. Mjusi akisikia joto kali porini hukimbilia chini kwenye ubaridi. Kizimbani mwenye mkeka chini akichimba atajikuta ameulalia, na ngozi ya tumboni huungua kabla hajashtuka.

Hatua ya 3: Vile usivyonunua

Mchanga wa kalsiamu nimeshautaja, lakini unastahili sababu zake. Madini hayo ni ya jamii ya chokaa. Yakiingia tumboni kwa wingi hupunguza ukali wa asidi inayosaga chakula, na yakikutana na unyevu hugandamana. Ubaya zaidi ni kwamba mjusi mwenye upungufu wa kalsiamu anavutwa kuula. Unakuwa umemwekea mtego sakafuni kwa jina la dawa. Kalsiamu yake iwe ya unga, unayowapaka wadudu kabla ya kumlisha.

Maganda ya jozi yaliyosagwa huuzwa kwa jina la mchanga wa jangwani. Yaangalie kwenye mwanga utaona kingo zake zilivyo kali. Hayasagiki tumboni na hukwaruza njia nzima hadi mwisho.

Vipande vya mbao, hasa vya mierezi na misonobari, vina mafuta yenye harufu yanayosumbua mapafu ya mijusi, na vipande vyenyewe ni vikubwa kiasi cha kukwama. Mabunzi ya mahindi yaliyosagwa hufura kwa maji na kuota ukungu. Changarawe ni mbaya kwa sababu iliyo wazi. Mchanga wa choo cha paka umetengenezwa ugandamane ukilowa, kwa hiyo fikiria utafanya nini tumboni. Unga wa makumbi ya nazi pekee yake sipendi pia: ukikauka ni vumbi linalomwingia machoni na puani, ukiulowesha unapandisha unyevu kuliko anavyotakiwa kuishi nao. Unyevu wa kudumu kwa mjusi huyu huleta magonjwa ya ngozi, yakiwemo ya ukungu ambayo matibabu yake ni marefu na ghali.

Zulia la mijusi, lile la kijani lenye nyuzi, wengi huliona salama kwa kuwa halimezeki. Kucha hunasa kwenye vitanzi vya uzi, na mjusi anayevuta mguu ulionasa anaweza kupoteza ukucha au kidole. Halafu hunyonya uchafu, na kuliosha hadi likawa safi kweli ni kazi. Ukilazimika kulitumia, chagua lisilo na vitanzi, uwe nayo mawili ya kubadilishana.

Neno moja kwa wale wanaotaka kuokoa pesa kwa kuchota wenyewe. Mchanga wa ufukweni una chumvi na vipande vya kombe. Mchanga wa ujenzi una punje kali na hujui umepitia wapi. Udongo wa bustani iliyopigwa dawa ya magugu au kuwekwa mbolea ni sumu kwa mnyama anayelamba kila anachokikanyaga. Kuokoa ni kuzuri, ila si hapa.

Hatua ya 4: Chagua mojawapo kati ya haya matatu

Karatasi ndiyo ya kwanza: magazeti yasiyo ya kung'aa au tishu za jikoni. Ni ya watoto, wageni na wagonjwa, kama nilivyosema. Tandaza tabaka tatu au nne, toa ya juu ikichafuka. Haipendezi macho na mjusi hawezi kuichimba, ila kama njia ya kupitia haina mpinzani. Ikiwa inateleza, weka juu yake jiwe bapa na gogo ili miguu ipate pa kushika.

La pili ni vigae. Kwa mtu anayeishi kwenye fleti, mwenye watoto wadogo na asiye na muda, hili ndilo ningemshauri. Chukua vya mawe ya asili au vya kauri vyenye uso mkwaruzo. Vile vinavyong'aa vya bafuni usichukue: mjusi akivikimbia miguu inaachana pande mbili, na anayekua juu ya sakafu ya kuteleza hujifunza kutembea vibaya. Uso mkwaruzo una faida ya ziada kwamba unamnoa kucha bila wewe kushika mkasi.

Kwa hesabu, sakafu ya sentimita 120 kwa 60 inataka vigae vinane vya 30 kwa 30. Lakini pima ndani ya kizimba, usiamini namba ya kwenye boksi, kwa sababu unene wa mbao hula sentimita kadhaa na itabidi vigae vya mwisho vikatwe. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi huko Ulaya na Amerika hukata ukiwapa vipimo. Usivigandishe kwa gundi. Vitandike juu ya gazeti ili siku ya usafi uvinyanyue kimoja kimoja. Mianya kati ya vigae ijaze mchanga kidogo uliooshwa, la sivyo nyenje watajificha humo na usiku watatoka kumng'ata mjusi aliyelala; nyenje mwenye njaa hutafuna kweli. Ukipenda silikoni badala ya mchanga, chukua ile ya matangi ya samaki isiyo na dawa ya ukungu, na uiache ikauke mpaka harufu yote iishe kabla ya kumrudisha mnyama.

Zulia la plastiki la sakafuni hutumika vilevile, kama limelala bila gundi na halitoi harufu likipata joto. Chini kabisa ya taa hata hivyo weka kigae au jiwe.

Kasoro ya vigae ni moja na si ndogo. Mjusi huyu anachimba. Ukimweka juu ya kigae maisha yake yote, utamwona akikwaruza kona ileile kila siku. Mpe sanduku la kuchimbia, ambalo nitalieleza mbele.

La tatu ni udongo uliochanganywa na mchanga na kushindiliwa. Kwa mjusi mzima mwenye afya, kwenye kizimba ambacho hatua ya 2 imekamilika, mimi sioni lililo bora kuliko hili. Linashika joto vizuri, linampa kucha pa kushika, linampa pa kuchimba, na likishindiliwa sawasawa halimwagiki kama mchanga mtupu. Lakini ni kazi, na ni uzito.

Hatua ya 5: Changanya na ushindilie

Anza na meza itakayobeba kizimba. Kizimba cha 120 kwa 60 chenye udongo wa kina cha sentimita 10 kinabeba lita 72 za udongo ulioshikamana. Ukishindilia, ujazo hupungua, kwa hiyo andaa kama lita 90 za udongo uliolegea. Mzigo wote unavuka kilo 100 kabla hujaweka mawe na magogo. Kioo chembamba au kabati la mbao za kubandika halitaubeba kwa muda mrefu. Shika ubao wa chini wa kizimba ukiwa mtupu uone unavyonesa. Ukinesa, uimarishe kwa mbao za chini au uchague vigae.

Kizimba cha mbao lazima pia kizibwe. Pitisha silikoni kwenye kona zote za chini na uache ikauke kabisa, vinginevyo unyevu wa siku za mwanzo utaufumua ubao.

Udongo ununue ule wa juu unaouzwa mifukoni kwa kujaza bustani, usio na mbolea, usio na mboji ya samadi, usio na zile punje nyeupe nyepesi za perilaiti. Soma mfuko wote, pamoja na maandishi madogo. Mchanga ununue wa kuchezea watoto, uliooshwa. Uwiano wangu ni sehemu sita za udongo kwa nne za mchanga, ambazo kwa lita 90 ni lita 54 za udongo na 36 za mchanga. Mchanga huo ni karibu mifuko mitatu ya kilo 20.

Uoshe mchanga hata kama mfuko unadai umeoshwa. Tia nusu ndoo, mimina maji, koroga kwa mkono, mwaga maji ya maziwa yanayobaki juu. Rudia mpaka maji yatoke safi. Udongo uchekeche utoe vijiti, mizizi, kokoto na vipande vya plastiki, utashangaa vilivyomo. Fanya haya nje au barazani ukiwa umefunika pua.

Changanya kwenye toroli au turubai, ukiongeza maji kidogo kidogo. Aliyewahi kukandika nyumba ya udongo hana haja ya vipimo hapa, mkono wake utamwambia. Mwingine afanye jaribio hili: fumbata konzi moja ya mchanganyiko ubane kwa nguvu, kisha fungua kiganja. Ukibaki umeshikamana na ukiubonyeza kwa kidole unapasuka vipande viwili vitatu, umefika. Ukichuruzika maji, ongeza udongo mkavu. Ukimwagika, umekosa maji au mchanga umezidi. Iwapo udongo ulionunua hauna ufinyanzi wa kutosha na haushiki hata ufanyeje, ongeza udongo wa mfinyanzi mkavu wa unga, ule unaouzwa kwa ajili ya mijusi, kama sehemu moja kwa kumi ya mchanganyiko wote.

Mimina tabaka la sentimita tatu, shindilia kwa mwiko wa fundi au kipande cha ubao, mimina jingine. Mawe mazito na magogo yakae juu ya sakafu ya kizimba chenyewe kabla ya udongo, usiyaweke juu ya udongo uliomalizika. Sababu ni kwamba mjusi akichimba chini ya jiwe lililolala juu ya udongo, litamwangukia.

Sasa washa taa, acha milango wazi, na ungoje. Kukauka kunaweza kuchukua wiki nzima au zaidi, kutegemea hewa ya nyumbani. Mjusi hahamii kabla hygromita, yaani kipima unyevu wa hewa, haijashuka chini ya asilimia 40 na udongo haujawa mkavu ukichimba kwa kidole hadi kifundo cha pili. Mipasuko midogo ya juu si kasoro. Mwishoni pima tena joto la jiwe la kuotea: udongo umeinua sakafu sentimita 10, taa sasa iko karibu zaidi na mgongo wake kuliko ulivyopima mwanzo, na hapa ndipo watu wengi husahau. Vivyo hivyo umbali wa taa ya UVB.

Wapo wanaoongeza mimea ya ukame na wadudu wasafishaji wanaokula choo na ukungu. Kizimba cha namna hiyo ni kizuri kikifanikiwa, ila kinataka kona moja yenye unyevu wa chini na subira. Usianze nacho ukiwa mgeni wa ufugaji huu.

Hatua ya 6: Jike na sanduku la kuchimbia

Jike aliyekomaa anaweza kutaga hata kama hajawahi kumwona dume. Mayai hayo hayaanguliwi, lakini lazima yatoke. Akikosa pa kuchimba huyashikilia, na mayai kukwama tumboni ni hatari kuliko mabishano yote ya mchanga. Ukimwona anazunguka bila kutulia, anakwaruza kona zote, tumbo limejaa na ukimpapasa polepole unahisi vidonge, mwandalie sanduku la plastiki lenye kina cha sentimita 25 hadi 30 za mchanganyiko uleule wa hatua ya 5, wenye unyevu wa kutosha kutengeneza shimo lisilobomoka. Anzisha shimo kwa ngumi yako, umweke, umwache peke yake. Akikwaruza siku nzima bila kutaga na ameanza kulegea, ni wa daktari.

Kwa mjusi wa kwenye vigae, dume au jike, sanduku kama hilo lenye udongo mkavu lakini mdogo zaidi linatosha kukata kiu ya kuchimba.

Hatua ya 7: Namna ya kulisha

Mboga ziwe kwenye sahani bapa iliyokaa juu ya kigae au jiwe pana, ili zinazodondoka zisidondokee udongoni. Wadudu wape kwa koleo, au kwenye bakuli lenye kuta za utelezi wasikoweza kupanda. Usiwamwage kizimbani wakatawanyika. Kama unapenda kumwona akiwinda, na ni burudani kweli, mhamishie kwenye beseni tupu awindie humo, kisha mrudishe. Mdudu asizidi upana wa nafasi kati ya macho ya mjusi, kwa kuwa mdudu mkubwa huziba utumbo vilevile.

Hatua ya 8: Usafi

Choo kiondolewe kila siku. Kwenye udongo chota na tabaka lililo chini yake, jaza kidogo, nyunyiza maji, bonyeza. Vigae vifute kwa maji ya moto na sabuni, kisha dawa ya kuua vijidudu iliyo salama kwa mijusi. Ukitumia jiki iliyozimuliwa, suuza mpaka harufu iishe na ukaushe. Udongo wote ubadilishwe ukianza kunuka, ukiota ukungu, au mjusi akikutwa na vimelea. Kwa matunzo mazuri hukaa miezi mingi.

Mijusi hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuumwa. Mwaka 2014 mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, ilifuatilia mlipuko uliowapata watu zaidi ya 150 katika majimbo zaidi ya 30, uliohusishwa na mijusi-ndevu wa kufugwa. Aina mbili za bakteria zilitajwa, Cotham na Kisarawe. Ndiyo, hiyo ya pili ina jina lilelile la wilaya ya Mkoa wa Pwani. Wengi wa waliougua walikuwa watoto wadogo. Kwa hiyo osha mikono kwa sabuni kila ukigusa mjusi au tandiko, vyombo vyake usivioshee kwenye sinki la jikoni, na mtoto wa chini ya miaka mitano asimshike.

Hatua ya 9: Dalili za utumbo kuziba

Mjusi aliyekomaa anaweza kupitisha siku kadhaa bila choo na akawa na afya. Kinachotisha ni kukosa choo pamoja na kukataa kula, tumbo gumu, kujikamua bila kutoa kitu, kutetemeka, au kuburuta miguu ya nyuma. Akiwa amefunga choo tu na bado mchangamfu, mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika mabegani kwa dakika 15 hadi 20 ukiwa umekaa naye, umpapase tumbo kuelekea mkiani, na uhakikishe joto la mahali pa kuotea. Usimnyweshe mafuta kwa lazima, maana yakipotea njia yanaingia mapafuni.

Miguu ikianza kuburuzika, usingoje kesho. Tafuta daktari anayejua mijusi, si kila anayetibu paka na mbwa anawajua, na uliza kabla ya kwenda kama ana mashine ya eksirei. Nenda na picha ya kizimba, joto la pande zote mbili ulilopima siku hiyo, tarehe uliyonunua taa ya UVB, na konzi ya tandiko ndani ya mfuko wa plastiki. Atayataka yote manne.